Taa Zilipoacha Kupepesa

Kwetu Nyalukemba, kuanza kwa kinu cha umeme cha kusaga unga tulikujua kwa taa. Muzee mwenye kinu alipokiwasha kule bondeni, balbu zote za mlimani, ambazo hatuzimi hata mchana, zilipepesa mara moja. Hapo akina mama walijitwika mabeseni ya muhogo mkavu wakateremka. Kabla ya hapo hakushuka mtu; mlima wetu haupandwi bure na mzigo kichwani.

Kisha mtandao wetu mdogo wa umeme wa jua ukaletewa onduleri mpya, sanduku la kugeuza umeme wa jua uwe wa kutumia majumbani. Injinia, mtu mpole, alitueleza kwamba jenereta ya zamani ina gurudumu zito la chuma, nalo likishtuliwa huendelea kuzunguka, taa zisipepese. Sanduku lake halina gurudumu, ila limefundishwa kujifanya linalo. Wakubwa waliokuja kulizindua walihutubia juu ya utulivu mpaka soda zikapata moto. Niliandika yote daftarini.

Kesho yake kinu kiliwashwa. Taa hazikutikisika. Injinia alizitazama kama mzazi siku ya diploma. Akina mama nao walizitazama, wakaendelea kuketi.

Siku ya nne muzee alipanda mlima mwenyewe, akihema, bila chembe ya unga kwenye nyusi.

"Papa injinia, bamama banasema moulin yangu imekufa. Niko nasaga upepo."

"Muzee, moulin iko bien. Ni courant ndiyo imetulia."

"Imetulia kwa faida ya nani? Bakiliya bote banaenda kusagia Nguba. Unirudishie kupepesa yangu."

Nilimshauri awapigie simu wateja. Akanigeukia.

"Na weye, papa wa daftari, balbu iliniombaka unités za simu siku gani?"

Injinia alianza tena habari za gurudumu. Maman mmoja aliyekuwa akianika muhogo karibu nasi akamkata bila kuinua kichwa:

"Kama inajua kujifanya nzito, ijifanye nyepesi kidogo."

 Injinia akafungua kompyuta, akapunguza uzito ule wa kubuni, akinung'unika kwa Kifaransa.

Asubuhi iliyofuata taa zilipepesa. Mabeseni yakapanda vichwani. Nilimkuta injinia mlangoni akiwaandikia wakubwa ripoti kwamba mtandao umetulia kabisa. Yule maman akampita na beseni lake.

"Aksanti, papa. Leo sasa courant imepona."

Injinia aliniomba nisiliandike hilo.