Ukurasa wa Kabati

Ofisini walimwita Kabati, na si kwa sababu ya umbo, maana alikuwa mwembamba wa kupita kwenye mlango uliofunguliwa nusu. Walimwita hivyo kwa kuwa kila kilichopotea kilipatikana kwake. Miaka ile ya mwanzo, katika chumba chao cha watengeneza programu, chenye meza zinazotazamana na feni iliyolia kila ilipogeukia kushoto, haikupita asubuhi bila mtu kuzungusha kiti na kupaza sauti: "Kabati, ile ya tarehe iko wapi?" Naye bila hata kuinua macho alijibu: "Ukurasani, shuka mpaka chini ya rangi."

Ukurasa wenyewe aliufungua mtandaoni kwa jina hilo hilo la utani, wazi kwa yeyote, na ukiuona ungedhani mtu amemwaga droo ya jikoni mezani. Kulikuwa na linki ya mwalimu mmoja mstaafu aliyeeleza kwa michoro ya mkono jinsi kompyuta inavyohesabu saa. Kulikuwa na amri fupi ya kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa mpigo mmoja, na chini yake onyo: "Usiifanye ukiwa na njaa." Kulikuwa na jedwali la rangi, maelezo ya kunasua karatasi iliyokwama kwenye printa, namna ya kunoa kisu, na namna ya kufunga fundo lisilojifungua. Kila linki aliiandikia neno lake pembeni, mara kwa mapenzi, mara kwa hasira. "Huyu bwana anajua, ila ana maneno mengi, rukia katikati." Mara moja kwa mwezi alizipitia zote, na iliyokufa aliiondoa kwa heshima, akiandika ilikuwa ya nani na ilimsaidia nini.

Kisha ikaja ile programu ya kujibu maswali. Unaiuliza, inakujibu, haichoki, haikuambii urukie katikati. Wenzake wakaizoea kama watu wanavyozoea lifti. Viti vikaacha kuzunguka. Kila mtu alivaa vidude vyake masikioni akaongea na kioo cha kompyuta yake, na Kabati akabaki kusikiliza feni. Usimwonee huruma ya bure: naye aliitumia, na ilimjibu vizuri tu, jambo lililomuudhi zaidi. Siku moja alimsikia kijana wa meza ya pili akiiuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa ukurasani kwa miaka, tena kwa mfano kutoka mradi wao wenyewe. Aliinuka, akaenda kunywa maji asiyokuwa na kiu nayo.

Nyumbani hakukuwa na afadhali. Alikaa chumba kimoja na jiko, orofa ya juu, na viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea nguo. Wazazi walishatangulia. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, fundi wa nguo katika mji mwingine, aliyempigia simu kila Jumapili alasiri, bila kukosa. Waliulizana hali, walisifiana afya, wakaagana. Baada ya hapo Kabati alifungua ukurasa wake akaongeza linki moja au mbili, akaandika na neno la pembeni, na kukaa akilitazama kana kwamba litamjibu.

Hakujua kama yupo hata mtu mmoja anayeusoma. Zamani uliwahi kuwa na kihesabio cha wageni, akakiondoa mwenyewe kwa majivuno, akisema hawezi kuishi akijipima urefu ukutani kila kukicha. Sasa alikitamani, lakini aliona haya kukirudisha. Na hapo ndipo akili ya kifundi ilipomponza.

Anayewajua watu wa kompyuta anajua kwamba ukitaka wakuandikie, usiwaombe msaada, kosea mbele yao. Watakurukia kutoka pembe zote za dunia, wengine hawajamaliza hata chai. Kabati alilijua hilo vizuri kwa sababu naye alikuwa hivyo hivyo. Basi akachagua sehemu moja ya ukurasa, ile ya kukopi folda nzima kwenda kwenye diski mpya. Amri yenyewe ni rahisi: unaandika kwanza unakotoa, kisha unakopeleka, nayo inaufanya upande wa pili ufanane na wa kwanza kabisa, kilichopo kinaletwa, kisichopo kinafutwa. Alizigeuza zile sehemu mbili. Akaandika kwanza unakopeleka, kisha unakotoa, na lile onyo la zamani lililosema "Ukigeuza, umelia" akalifuta. Kosa kubwa kama hilo, alijiambia, mwanafunzi wa wiki ya kwanza ataliona. Halitamaliza siku mbili.

Lilimaliza siku mbili, likamaliza wiki, likamaliza mwezi. Kila asubuhi aliifungua barua pepe yake kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Aliyeandika ni muuza wino wa printa. Kabati alikaribia kumjibu.

Hakuwaza kwamba anayeijua amri ile hana haja ya kuja kuitafuta. Anayeitafuta ni yule asiyeijua.

Barua ilikuja Alhamisi moja wakati wa chakula cha mchana, chumba kikiwa kitupu. "Shikamoo Kabati," iliandikwa. "Samahani kwa usumbufu. Mimi ni msichana, fundi mgeni wa kompyuta kwenye ofisi ya wapima ardhi, bado niko kwenye majaribio. Sikusomea sana, mambo mengi nimejifunza kwako. Ukurasa wako nausoma tangu nikiwa shuleni, kila ukiongeza kitu nakiona. Hata kisu nimenoa kwa njia yako, mama alishangaa. Juzi nilitumwa nihamishe michoro ya viwanja kwenye diski mpya. Nilifuata ulivyoandika, nikasoma mara nyingi kabla ya kubonyeza. Michoro yote ilifutika. Ya zamani tumeipata kwenye nakala za akiba, lakini kazi ya miezi miwili imepotea, na wapimaji itabidi warudi porini wakapime upya. Wakubwa wamenikalisha kitako, nimewaambia nilifuata ukurasa wako, ila kosa ni langu. Jumatatu wataamua kama nabaki. Sikulaumu, ila nionyeshe nilikosea wapi, nisirudie."

Kabati aliirudia barua ile kwa aibu, akaelewa kilichotokea. Diski mpya huwa tupu. Binti wa watu alikuwa amekopi utupu juu ya kazi ya watu, kwa utiifu, mstari kwa mstari. Na katikati ya aibu ile, Mungu amsamehe, kulikuwa na furaha ndogo iliyochomoza bila kualikwa: kumbe yupo. Kumbe tangu shuleni, kila alichoongeza, kilikuwa na mtu wake. Furaha ile ndiyo iliyomwumiza zaidi baadaye.

Alichofanya dakika ile hakukipima. Mikono ilikwenda yenyewe. Alifungua ukurasa, akarudisha mstari kama ulivyokuwa, akarudisha na onyo, akaseva. Akashusha pumzi. Kisha akaanza kutunga jibu, akafuta, akatunga jingine. Moja lilisema huenda toleo la programu yake ni tofauti. Lilisikika vizuri sana. Mtu angeliamini.

Kabla hajatuma lolote, ikaingia barua ya pili. "Kabati, achana na swali langu. Mkuu wangu aliniambia nifungue ukurasa mbele yake, nimefungua, na kumbe umeandika sawasawa kabisa, tena na onyo umeweka. Sijui macho yangu yalikuwa wapi. Mkuu alinitazama tu. Pole kwa kukupotezea muda."

Alisoma mstari kwa mstari, akajishika kichwa. Kwa kusahihisha kimya kimya alikuwa amemfanya binti wa watu mwongo mbele ya mkuu wake, na kibaya zaidi, mbele ya nafsi yake mwenyewe. Wenzake walirudi kutoka chakula wakicheka jambo lao. Mmoja akamuuliza, "Vipi, Kabati, uko sawa?" Akasema yuko sawa. Yule akavaa vidude vyake masikioni.

Ijumaa hakuandika. Jumamosi hakuandika. Alifua nguo zote, hata safi. Alijua akisema ukweli atampoteza msomaji pekee anayemjua, na akinyamaza atabaki naye, binti yule ataendelea kuusoma ukurasa kwa heshima zote huku akijiona mjinga. Mizani ile haikuhitaji elimu kuisoma. Ilihitaji moyo, na wake ulikuwa umenywea.

Jumapili alasiri simu ikalia.

"Umekula?" dada yake aliuliza.

"Nimekula, Dada."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Haya. Leo kuna jambo. Sema."

Akasema. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, mpaka dada mtu akamkatiza. "Ngoja. Huo mstari uliugeuza makusudi?"

"Makusudi."

"Ili iweje?"

"Ili mtu aniandikie."

Kabati akatazama kioo cha simu kuona kama mtandao umekatika.

"Mimi nakupigia kila wiki," dada yake alisema hatimaye, sauti imepungua. "Nakuuliza hali, unasema nzuri. Nakuuliza kazi, unasema inakwenda. Mdogo wangu, kama ulikuwa unataka mtu, ungeniambia. Ungesema tu, Dada, huku niko peke yangu. Mimi ningesafiri."

"Sikutaka kukusumbua."

"Ukaona umsumbue mtoto wa mwenzio." Alikohoa, na Kabati akajua kwamba analia na hataki isikike. "Sasa sikiliza. Hiyo barua usimwandikie yeye peke yake. Anayemhukumu ni mkuu wake. Na pale ulipoharibu pana macho ya watu, uandike pale pale. Usijifiche pembeni."

"Nikiandika hatarudi tena, Dada."

"Najua," alisema. "Andika."

Akapiga moyo konde akaandika, jua likiwa bado dirishani. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya mwalimu wa saa na jedwali la rangi, aliweka maneno yasiyo na mapambo: kwamba mstari wa kukopi folda ulikuwa na kosa kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi, kwamba kosa hilo alilitia kwa mkono wake akitaka kujua kama anasomwa, na kwamba mtu mwaminifu aliufuata akapata hasara. Ukurasa ule ulikuwa unatunza kila badiliko na tarehe yake. Akayaweka wazi mabadiliko yote mawili, siku alipougeuza mstari na saa aliyourudisha, ile Alhamisi, baada ya barua ya kwanza kufika. Kisha akamwandikia fundi mgeni, akamwomba ampelekee mkuu wake ushahidi ule kabla kikao hakijaanza. Aliweka na namba yake ya simu na jina lake halisi, ambalo hata ofisini ni wachache waliolikumbuka. "Ulisoma vizuri," alimalizia. "Macho yako hayakuwa na tatizo. Mimi ndiye niliyekuwa nalo."

Jumatatu aliingia ofisini akiwa amejiandaa kwa kila aina ya fedheha. Alifikiri mkuu wa kitengo atamwita. Alifikiri watanong'ona, watu wa kompyuta kwa kunong'ona hawajambo. Alikaa akisubiri mpaka mchana. Hakuna aliyesema neno. Kijana wa meza ya pili alimwomba asogee apate kuchomeka chaja. Ungamo lake lilikuwa wazi mbele ya dunia nzima, na katika chumba kile hakuna aliyelifungua. Angependa sana mtu amtukane.

Simu haikulia. Jibu lilikuja Jumanne asubuhi, kwa barua, na halikuanza na shikamoo.

"Nimebaki kazini. Mkuu alizisoma zile tarehe mara mbili, akaniomba radhi mbele ya wapimaji, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Nakushukuru kwa hilo. Ameagiza ukurasa wako usitumike tena ofisini kwetu. Sikumpinga. Hata kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nimeutoa. Nilikuwa nikikutaja kama mwalimu wangu, sasa sijui nikutaje vipi. Nina swali moja, si lazima unijibu. Yale mengine yote uliyoandika, miaka yote hiyo, ni kweli?"

Kabati alikaa na swali lile asubuhi nzima, kazi imelala. Alijua jibu. Kila mstari alikuwa ameujaribu kwa mikono yake, kila linki aliisoma mpaka mwisho kabla ya kuiweka, na ni ule mmoja tu aliowahi kuuchezea. Alikuwa na haki ya kuapa. Ila aliyaona maneno yake kwa macho ya yule binti, akaona kwamba hata yeye, akikabidhiwa neno kutoka kwa mtu wa namna hii, asingeliamini.

"Ndiyo, ni kweli," aliandika. "Lakini usiniamini. Kila kitu changu kijaribu kwanza kwenye folda tupu."

Akaituma. Alisubiri wiki ile, akasubiri na iliyofuata, mpaka akaacha kusubiri. Hakujibiwa.