Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Kijani

Mpishi anapotia mdalasini kwenye pilau, mimi huacha kuongea. Wajukuu wamezoea. Wanadhani nasali, na mara nyingine kweli huwa nasali. Lakini kabla ya sala hunijia kitabu chenye jalada la kijani, na sauti yangu mwenyewe, ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, ikisoma maneno ambayo hayakuandikwa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, kwetu Matombo. Kila Jumatano alasiri kina mama walitoka shamba la kijiji na tope miguuni, wakaingia ghalani kwenye kisomo cha watu wazima. Walisoma wakipitisha kidole chini ya kila neno, mpaka mstari ukawa mweusi. Somo likiisha, mwalimu alinikalisha juu ya gunia la mahindi niwasomee hadithi ya kile kitabu cha kijani cha kisomo huku wakichambua maharage. Nilijiona askofu.

Hadithi ilihusu msichana yatima na mama wa kambo. Mwandishi aliijua kazi yake. Alituingiza moyoni mwa yule mtoto, tukalia naye, tukasikia hata tumbo lake likinguruma kwa njaa. Mama wa kambo tulimwona kwa nje tu: mkono unaofunga mlango, sauti kali kutoka jikoni. Hata jina hakupewa. Kina mama walimchukia mpaka wakawa wanatupa maharage mabovu kwa nguvu.

"Shetani mkubwa!" alisema Mama Leokadia, jirani yetu. "Na alale nje yeye!"

Mmoja tu hakusema kitu. Huyo alikuwa Tekla, mke mpya wa baba yangu. Mama yangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na baba aliniagiza nimwite Tekla mama mdogo. Sikumwita chochote. Nikimhitaji, nilikohoa.

Siku moja aliniuliza njiani, "Roza, huyo mama wa kitabuni, akishafunga mlango huwa anafanya nini?"

"Haijaandikwa."

"Basi aliyeandika hajaingia kwake." Akaweka sawa mzigo wake wa kuni kichwani, tukaendelea kupanda.

Kabla ya Jumatano ya mwisho nilisoma mbele peke yangu, nyuma ya banda la mbuzi. Mwandishi alikuwa ameufungua ule mlango. Mama wa kambo alimbeba yule mtoto mwenye homa mgongoni, kwenye mvua, mpaka hospitali ya misheni. Mtoto alipofumbua macho, alimwita Mama. Nilikifunga kitabu. Niliona kama mama yangu amezikwa mara ya pili.

Jumatano ghala lilijaa. Nilikaza macho kwenye ukurasa, nikatunga. Nilisema mama wa kambo alifukuzwa, akafia porini, na hakuna aliyekwenda kumzika.

Wakapiga vigelegele. Mnielewe, wasomaji wangu: wanawake wale walivijua vitabu viwili tu, katekisimu na kile cha kisomo. Kwao, neno lililopigwa chapa lilikuwa limekwisha kuamuliwa mahali pa juu.

"Tekla wee, umesikia?" Mama Leokadia alimgeukia akicheka. "Kitabu kimesema! Hata wa kukuzika hutampata!"

Ghala zima likacheka. Tekla hakucheka. "Roza," alisema, "hebu rudia hapo mwisho."

Nikarudia. Safari hii, kwa hofu, nilimfisha mtoni. Hakuna aliyegundua ila yeye. Alinitazama, wala si kwa hasira, kisha akaendelea kuchambua maharage yake, moja moja.

Jumamosi aliondoka. Kwetu Waluguru mwanamke ana shamba la ukoo wa mama yake la kurudia, na la Tekla lilikuwa juu milimani, kwenye midalasini. Baba alimfuata mara mbili, akarudi peke yake. Mara ya pili alikaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Anasema hawezi kuishi na mtoto anayemzika angali hai. Ulimfanya nini?"

"Nilisoma tu, baba."

Kitabu nacho kilitoweka ghalani. Nilidhani Tekla amekichoma. Nilipokwenda kuungama kabla ya Kipaimara, nilitaja sukari niliyoiba na mbuzi niliyempiga jiwe. Hili sikulitaja. Katika dhambi nilizofundishwa, haikuwemo ya kumnyima mtu ukurasa wake.

Baadaye nilifundisha fasihi miaka mingi. Kila darasa lilipomzomea mwanamke fulani wa hadithini, niliwauliza: akishafunga mlango, anafanya nini? Sikuwaambia swali hilo nimelitoa wapi.

Tekla alipofariki, nilipanda mlima kwenda kumzika. Namshukuru Mungu, tulikuwa wengi, njia ilijaa. Baada ya mazishi mpwa wake alinipa kifurushi cha khanga kilichotoka sandukuni, katikati ya magome ya mdalasini.

"Alisema hiki ni cha Roza. Ndicho alichojifunzia kusoma."

Kilikuwa kile cha kijani. Kila mstari ulikuwa na alama hafifu ya kidole. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechakaa karibu kutoboka, na weusi ulikuwa umeganda chini ya neno moja, lile ambalo mtoto alilitamka alipofumbua macho.

Alijua, basi. Miaka yote hiyo alijua kilichoandikwa, naye hakumwambia mtu.

Nililitamka pale pale, kwa sauti, mimi mtu mzima mwenye mvi, mbele ya mpwa wake aliyeshangaa. Hata sasa, harufu ile ikinifikia, huwa namwita. Kisha natulia kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.