Mama mkwe alifunga begi arudi Newala kwa sababu mjukuu hamwamkii

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea kwangu mwenyewe, na chumvi sijaongeza hata punje.

Naishi Mbezi Luis na mume wangu na binti yetu Salma, yuko darasa la tatu, English medium. Ada inatutoa jasho, ila tulitaka mtoto ajue kizungu.

Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Newala, na korosho zake na upendo wake wote.

Salma hakumwamkia. Akiulizwa kitu na bibi yake, anatikisa kichwa tu. Lakini jioni sauti inatoka! Anakariri pronouns sebuleni, "she, her, hers", huku anamnyooshea bibi kidole, maana ndivyo mwalimu alivyowaelekeza wajifunze.

Nyie mnaojua mama wakwe, nadhani mnanielewa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili asubuhi nikamkuta anafunga begi.

"Mama, vipi tena?"

"Narudi kwangu, mwanangu. Mtoto haniamkii, halafu ananisema kizungu mbele ya macho yangu. Mmemfundisha kunidharau."

Nikaingia chumbani kwa Salma nimefura. Kumuuliza tu, akaangua kilio. Wakuu, sikilizeni alichonieleza.

Shuleni kwao kuna kibao cha shingoni. Ukiongea Kiswahili unavalishwa, na hukivui mpaka umkamate mwenzako akiongea Kiswahili umtaje kwa mwalimu. Mtoto wa jirani yetu, anayeshinda kwetu, yuko darasa moja naye, na hata ya nyumbani anayapeleka kwa mwalimu.

Salma alishavalishwa. Kosa lake? Alimwambia mama mpishi wa shule shikamoo.

Shikamoo, jamani! Mtoto anaadhibiwa kwa adabu niliyomfunza mwenyewe!

Nikamwambia, "Mwanangu, bibi anaondoka."

Akafuta machozi, akatoka. Yule wa jirani alikuwa amesimama mlangoni kwetu, anatazama.

"Shikamoo bibi!" Salma akasema kwa sauti.

Mama mkwe aliangusha khanga aliyokuwa anaikunja, akamkumbatia, akalia. Hakuondoka.

Jumatatu Salma alirudi kachoka. Nikamuuliza kama walimvalisha.

"Walinivalisha, mama. Nimekaa nacho mpaka tunatoka. Niliwasikia wengi wakiongea Kiswahili, ila sijamtaja mtu."

Nikampokea begi la shule. Kesho naenda shuleni, na mama mkwe kasema tunaenda wote.

Nilichojifunza: tulikuwa tunakagua madaftari tu, mtoto mwenyewe hatumuulizi anaishije huko. Nyie wenye watoto shule hizi, wa kwenu wanavalishwa nini shingoni? Semeni.