Wimbo Tuliorekodi Mtoni

Mtu akiniambia tena kwamba Mungu alitulinda kule msituni, nitamjibu vibaya, hata akiwa mchungaji. Mungu simtilii shaka. Ninachokataa ni watu kumpa kazi ya kuficha upumbavu wao.

Siku hizi hapa kwetu Meru kwaya haihesabiwi kuwa kwaya mpaka iwe na video, na video haihesabiwi kuwa video mpaka iwe na maporomoko ya maji. Kwaya ya kanisa jirani ilikuwa imeshapiga yake pale karibu na barabara, mahali ambapo maharusi wote hupigia picha. Mwenyekiti wetu akaapa kwamba sisi tutakwenda kwenye maporomoko ya mbali, ndani kabisa ya msitu wa mlima. Ni mtu mwenye besi nzuri sana na masikio yasiyofanya kazi.

Mimi huimba sauti ya pili, nyuma kabisa, na huko nyuma kunanitosha. Aliyekuwa mbele ni dada yangu mdogo. Yeye ndiye kinara wa wimbo, na siku za kazi ana kibanda cha kusuka nywele mtaani Majengo, ambako husimama kutoka asubuhi mpaka jioni. Miguu yake ndiyo shamba lake. Naomba mlikumbuke hilo.

Basi la kukodi lilituacha kwenye lango la msitu. Mwenyekiti alikuwa ameamuru tuvae sare tangu nyumbani, kwa sababu msituni hakuna pa kubadilishia. Sare yenyewe ni gauni la satini ya buluu linalofika kwenye vifundo, na wanaume viatu vyeupe. Sisi sote ni watoto wa wakulima. Hakuna nyumba kati yetu isiyo na gambuti mlangoni. Lakini hakuna hata mmoja aliyezibeba, kwa kuogopa kuonekana anakwenda kupalilia mahindi. Tukaingia msituni tumependeza, tukaanza kuanguka kabla ya kona ya kwanza.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Tulifunga magauni kiunoni kwa leso, tukashika mianzi, tukapita juu ya kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kibichi huku mpigapicha akituambia tusiongee kwa sauti. Siafu walimwingia mama mmoja wa sauti ya kwanza akacheza ngoma ambayo haimo katika wimbo wowote wetu. Tulicheka. Nakiri kwamba mpaka hapo nilikuwa nafurahia.

Maporomoko yalikuwa mazuri, siwezi kuyasingizia. Maji yalishuka kutoka kwenye mwamba mrefu, yakajaza kidimbwi, kisha yakapita katikati ya mawe meusi. Mwenyekiti aliliona jiwe moja pana katikati ya mto na uso wake ukang'aa.

"Kinara asimame pale," alisema. "Sisi tubaki huku ukingoni, yeye aonekane kama anatembea juu ya maji."

Dada yangu alivuka akiwa amevua viatu, gauni kalishika mkononi. Tukaimba mara ya kwanza, mpigapicha akasema kuna kivuli. Tukaimba ya pili, mtu akapiga chafya. Tulipokuwa tunapanga ya tatu niliangalia juu na kuona mlima umekuwa mweusi, ingawa sisi tulikuwa kwenye jua.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, maana jambo hili halihitaji kusomewa. Kila mtoto aliyekulia kwenye miteremko hii amechapwa kwa ajili yake. Ukiona mlima umekuwa mweusi, wewe toka mtoni, maana mvua ya huko juu itashuka na mafuriko, hata kama kwenu nguo zinakauka kwenye kamba. Mwenyekiti alizaliwa huku huku. Alichapwa kama sisi.

"Mwenyekiti, mlima umefunga," nilimwambia. "Mtoe huyo mtoto kwa maji."

"Take moja tu ya mwisho, jameni. Tumetoka mbali."

Dada yangu naye akaita kutoka kwenye jiwe: "Mwenyekiti, maji imebadilika rangi!"

Niliyaona. Yalikuwa yameingia rangi ya chai, na majani yalikuwa yanapita kwa haraka. Mwenyekiti aliinua mkono kama anayetuliza watoto wa darasa la kwanza.

"Tabasamu, mama. Watu wanataka kuona furaha ya Bwana."

Akatabasamu. Alizoea kutii, ndivyo tulivyolelewa. Aliimba ubeti mzima akitabasamu, na kabla hatujafika kwenye kiitikio mtu alipiga kelele za "maji" kwa Kimeru, "Ruuji! Ruuji!" Maji yakaja na magogo.

Gauni lile la satini lilimvuta kama mtu. Mguu wake ulinaswa kati ya mawe mawili, ukavunjika, na huko kunaswa ndiko kulikomzuia asichukuliwe. Wanaume wawili wa sauti ya tatu waliunganisha leso zetu, wakamfunga na kumburuta mpaka ukingoni. Wakati huo mimi nilikuwa napiga mayowe tu. Alipolazwa kwenye nyasi, meno yakigongana, mwenyekiti akatusimamisha wote tuinamishe vichwa. Akaomba. Aliomba kwa ajili ya kwaya, kwa ajili ya kamera iliyonusurika, kwa ajili ya safari ya kurudi, na mguu wa dada yangu unavimba mbele yake. Nilisema amina katikati ya sala, kwa nguvu, ili ikome. Tukakata mianzi, tukatengeneza machela, tukambeba.

Hajarudi kibandani mpaka leo. Akisimama kidogo tu, mguu unawaka, na wateja wameshahamia kwa mwingine. Kanisani wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitaka kuwatafuna. Dada yangu alilisikia la mkuu, tena neno kwa neno, na ndilo lililomvunja.

Video ilizinduliwa Jumapili moja, kanisa likajaa mpaka nje. Ule ubeti wa mwisho waliuacha ndani. Dada yangu anaonekana akiimba huku macho ameyageuzia juu mtoni, na watu wakalia machozi, wakasema ameona utukufu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Alikuwa ameshika magongo yake, anajiangalia kwenye skrini.

Kisha mwenyekiti akasimama, kinanda kikilia polepole nyuma yake, na kutangaza kwamba Bwana amefungua mlango wa video ya pili. Kuna maporomoko mengine upande wa Embu, makubwa kuliko haya. Akamgeukia dada yangu mbele ya watu wote.

"Na kinara wetu ataimba tena. Si ndiyo, mama?"

Dada yangu aliinuka polepole na magongo yake. Nilitaka kumshika, akanisukuma mkono.

"Nitaimba, mwenyekiti," alisema. "Nitaimba nikiwa hapa kwa hii kiti. Kwa jiwe utasimama wewe, na mimi nitakuwa nakuambia utabasamu."

Mwenyekiti alicheka akitazama huku na huku amtafute wa kucheka naye. Mpiga kinanda aliondoa mikono yake kwenye kinanda.