Kompyuta ya Nyumba ya Eda

Fauzia binti Suleiman nimemlea mimi, na haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, nimekaa mkekani.

Kaka yangu Suleiman alimleta Kivinje kutoka Likawage amempakia juu ya lori la ufuta, mtoto ana begi la shule na ndala moja, ya pili imedondoka njiani. Alinikabidhi ili asome sekondari. Siku hizo nilikuwa nabangua korosho za kuuza, na kila mtoto wa nyumba yangu alipaka majivu mikononi akakaa na mimi uani. Wengine walipiga pigo moja, ganda likapasuka na punje ndani ikawa vipande. Fauzia aliigeuza korosho kwanza, akatafuta pa kugonga, akagonga kidogo, akageuza tena. Alikuwa mzito wa kazi, nikamsema sana. Lakini punje zake zilitoka nzima.

Jioni alisoma chuoni kwa Maalim Ridhiwani, nyumba ya pili kutoka kwangu. Shule ilipokwisha hakufaulu vya kumpeleka mbali, akaenda Lindi mjini kukaa kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Huko ndiko alikojifunza kompyuta. Aliporudi alifungua duka lake Masoko, meza mbili na feni, na watu wa Kilwa nzima wanapeleka humo flashi zao kuingiziwa kaswida, nyimbo na picha za harusi.

Maalim alipoletewa kompyuta na wanafunzi wake wa zamani, aliyekwenda kuifunga ni Fauzia. Akamwekea na kipaza sauti kidogo, kama punje ya muhindi, akamwambia, "Maalim, wewe zungumza tu kama unatusomesha sisi. Mashine itashika." Maalim akazungumza miaka. Hata alipoumwa aliendelea kurekodi, ameegemea mto, na mkewe Kadija amekaa karibu na mlango.

Mwezi wa Shaabani Mwenyezi Mungu alimchukua. Kadija akaingia eda.

Kwa asiyejua, mwanamke aliyefiwa na mumewe kwetu hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii manukato, haendi sokoni wala harusini, na mwanamume asiye maharimu wake haingii alipo. Kadija hakuwahi kupata mtoto. Kila alfajiri baada ya kusali alikuwa akiwasha kompyuta na kumsikiliza mumewe akisomesha. Sauti ilipita dirishani ikanifikia mimi ninapofagia, nikawa naona kama mtu hajaondoka.

Siku ya arobaini watu walijaa mpaka barazani kwangu. Dua ilipokwisha na watu wamekula, mmoja akaomba apewe sauti ya Maalim. Mwingine akaomba. Kadija akasema kutoka ndani, "Kila atakayetaka apewe. Msimrudishe mtu aliyekuja kwenye msiba." Ndiyo desturi, na hakuna aliyefikiri jambo lingine. Flashi zikatoka mifukoni, kadi zikachomolewa kwenye simu, na Shamimu, mdogo wake Kadija, akawa anapokea na kuchomeka moja baada ya moja. Alikuwa anawapa masomo yaliyo pamoja, yale ya miaka yote. Somo la mwisho, la ugonjwani, lilikuwa peke yake pembeni na hakuna aliyeliuliza.

Aliyeliuliza ni Bi Zuwena. Huyu alikuwa mke wa kwanza wa Maalim. Waliachana zamani, kabla Kadija hajaolewa, naye akarudi kwao Nyangamara kwenye mikorosho ya baba yake. Alikuja msibani kimya, akaosha vyombo na wenzake. Mwisho kabisa akafungua pindo la kanga, akatoa flashi, akamwambia Shamimu, "Nipe yote. Na ile aliyorekodi akiumwa."

Shamimu akamtazama dada yake.

"Mpe," alisema Kadija. Yeye na Bi Zuwena hawakutazamana.

Haikupita wiki, kompyuta ikaanza kuugua. Ukiiwasha inawaka, inaandika jina lake, halafu giza, halafu inaanza upya. Ikikwama tunachomoa waya ukutani na kuchomeka tena. Kadija alichomoa, Shamimu alichomoa, na mimi nilichomoa. Na umeme nao ukawa unakatika na kurudi. Mtani wetu Nasma, ambaye hata kwenye msiba mdomo wake una ruhusa, alisimama mlangoni akasema, "Nayo imefiwa. Inakaa eda. Mfunikeni ushungi mwenzenu." Tulicheka. Kadija hakucheka, na nikajua jambo si dogo.

Fauzia siku hizo alikuwa Likawage, baba yake anaumwa mgongo. Tukamwita fundi mwingine wa Masoko, Huseni, kijana wa heshima. Hakuingia, alisimama ukumbini, Shamimu akamletea mashine. Aliiwasha, akaitazama inavyojizima.

"Virusi hivi, bibi," aliniambia. "Hii inapigwa Windows upya tu. Jioni mnaipata ikiwa mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinaondoka. Ndiyo inakuwa mpya."

Sauti ya Kadija ikatoka nyuma ya pazia. "Mwambie mpya siitaki."

Huseni hakukasirika. Alisema kazi ya kutoa virusi kimoja kimoja bila kugusa vitu vya mtu ni ya kukaa nayo kutwa, na yeye hawezi kukaa kutwa kwenye nyumba ya eda. Alisema kweli. Nikampigia Fauzia.

Alikuja na vumbi la njiani, akanawa, akaingia kwa Kadija. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Ameanza kukaa. Nielezeni ilivyoanza."

Akaelezwa yote, na zile flashi za arobaini. Akasema, "Mama, nyingi ya flashi hizo zinapita dukani kwangu. Huenda ugonjwa umetoka kwangu. Nikitoka hapa nafunga duka nisafishe mashine zangu kwanza." Kadija akamwambia hakuja kulaumu mtu. Akamwambia anachotaka ni kimoja.

"Lile somo la mwisho, Fauzia. Masomo mengine watu wanayo, nitayapata kwa watu. Lile, katikati yake, aliniita. Aliomba maji. Miaka yote alisomesha, hakuna pengine alipotaja jina langu."

Fauzia akakaa chini mbele ya meza, kama alivyokaa uani kwangu. Hakuiacha mashine iamke yenyewe. Alikuja na flashi yake aliyoitengeneza kwenye kompyuta nzima, akaiwasha kwa hiyo, ili vile virusi vilivyo ndani vibaki vimelala wakati yeye anatembea humo. Akafungua pale penye masomo. Patupu. Vilikuwepo vialama viwili vitatu vya uongo, ukivibonyeza ndiyo unaviamsha virusi. Kadija akashika ukingo wa meza.

"Usihuzunike bado," alisema Fauzia. "Tazama hapa chini. Mashine inasema imejaa. Kama masomo yangefutwa, nafasi ingekuwa wazi. Virusi havikuyala, vimeyaficha."

"Vinaficha ili iweje?" aliuliza Nasma, amejaa mlangoni.

"Ili ubonyeze kile cha uongo, bibi. Ukibonyeza umevipeleka kwenye flashi yako, na wewe unavipeleka kwa jirani."

"Basi vina akili kuliko mume wangu."

Kazi ilichukua siku nzima. Dawa ya virusi ilipita ndani ya mashine polepole, inaonyesha kila kilichokamatwa, na Fauzia hakuiacha ifute peke yake. Alisoma kila kimoja. Kilicho cha ugonjwa alikitoa, na faili la Maalim lililoguswa aliliweka kando alisafishe. Mara moja umeme ulikatika, akasubiri, ukarudi, akaanza pale pa mwanzo. Nilitaka kumsema kwa uzito wake kama zamani, nikanyamaza.

Baada ya alasiri masomo yakaonekana, yamejipanga miaka kwa miaka. Akafungua moja, na sauti ya Maalim ikatoka kavu na kali, inamkaripia mtu aliyesinzia. Shamimu akasema, "Huyo alikuwa mimi." Kadija aliinamisha kichwa, anasubiri.

Somo la mwisho lilikuwepo. Jina lake lilikuwepo. Fauzia alipolifungua halikutoa kitu. Akajaribu njia nyingine, ikatoka sauti ya mkwaruzo, kisha kimya. Akaondoa mikono.

"Mama, nitakwambia lilivyo. Virusi nimevitoa. Lakini pale lilipoandikwa somo hili, diski yenyewe imeumia. Ni umeme huu wa kuzimika ghafla. Nikizidi kuligusa nitaumiza na mengine."

Hakusema nani alikuwa akichomoa waya ukutani. Mimi nilitazama miguu yangu.

Kadija alisema, "Basi." Akainuka kutawadha, na maji ya kutawadha yalimchukua muda mrefu.

Aliporudi, Fauzia alikuwa hajafunga mkoba wake. "Mama, siku ile hakuna aliyechukua somo hili?"

Tulijua sote. Shamimu ndiye aliyetaja jina.

"Nyangamara nitakwenda mimi," alisema Fauzia. "Lakini wa kuomba ni wewe."

Kadija alikaa na simu mkononi mpaka magharibi ikaadhiniwa. Baada ya sala akampa Shamimu aitafute namba, akaiweka mkekani kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kadija. Wa Kivinje."

Kuku walisikika upande wa pili, na mtu anatwanga. Kisha Bi Zuwena akasema, "Eda inakwendaje?"

"Alhamdulillahi. Dada, ile flashi uliyoondoka nayo, imetoka na ugonjwa huku. Usiitie kwenye kompyuta ya mtu."

"Nitapata wapi kompyuta mimi? Ninaitia kwenye redio. Inaimba vizuri tu."

Fauzia alinong'ona kwamba redio haishikwi na virusi vile. Kadija akauliza.

"Na lile la mwisho linaimba?"

"Linaimba."

"Lote?"

"Lote. Mpaka hapo anapokuita."

Kadija akasema, "Huku limekufa, dada. Nilikuwa naomba."

Bi Zuwena akajibu kwa sauti ile ile. "Nitalileta mwenyewe. Kitu kama hicho hapewi dereva."

Keshokutwa yake akashuka kwenye bodaboda iliyomtoa Nangurukuru, vumbi mpaka nyusi, kikapu cha korosho kichwani na flashi kwenye pindo. Kadija alimlaki mlangoni kwa ndani, pale eda inapomruhusu. Walishikana mikono wakakawia kuachana.

Fauzia akaipokea flashi, lakini hakuitia kwenye kompyuta ya Maalim. Alikuja na mashine yake ndogo kutoka dukani, ameshaisafisha, akaanza kuichunguza flashi humo.

"Tumekuja kusikiliza au kutazama mgongo wako?" alisema Bi Zuwena.

"Mgongo kwanza, bibi. Ikiingia hivi hivi tunarudi tulikotoka."

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," nilijibu.

Tulikunywa chai, tukala korosho, wanawake wale wawili wamekaa mkeka mmoja. Fauzia alipomaliza alilinakili somo kwenye mashine yake, na kwenye flashi mpya ya kuweka kabatini, kisha ndiyo akalipeleka kwenye kompyuta ya Maalim, mahali ambapo diski ni nzima. Akalifungua.

Sauti ilikuwa dhaifu. Maalim alikuwa anaeleza subira, anapumzika kila baada ya maneno machache. Halafu akakohoa, na kikohozi kikarefuka. Akasema, "Kadija. Hebu nisogezee maji." Zikasikika ndala sakafuni. Kikombe kikagonga meza. "Ahsante, mama," alisema. Akaendelea na somo pale alipoachia.

Kadija alijifunika uso kwa kanga. Bi Zuwena alikuwa anatazama dirisha.

"Mara ya kwanza nilipofika hapo niliizima redio," alisema. "Na ya pili. Baadaye nikaacha kuizima."

Kadija akafunua uso. Akamwambia Fauzia, "Flashi ya dada umrudishie ikiwa safi. Usipunguze kitu."

"Sipunguzi, mama."

Kabla hajaondoka Fauzia alibandika plasta ya jeraha juu ya matundu ya kuchomekea flashi. Atakayetaka sauti ya Maalim apeleke flashi yake kwanza dukani, isafishwe, ndipo aje. Kadija akasita. "Mtu amekuja kunipa pole, nimwambie asubiri?"

"Asubiri, mama. Hatumrudishi, anasubiri."

Mpaka leo, kwenye duka lile la Masoko kuna bakuli la udongo lililojaa flashi za waliofika kwenye arobaini ya Maalim, kila moja imefungwa uzi na jina. Anazisafisha moja moja akipata nafasi. Watu wanamsema ni mzito.

Jambo la mwisho alilofanya siku ile, alimwita Kadija mezani. Akamshika kidole akakipeleka kwenye kipanya, akamwonyesha pa kubonyeza ili kompyuta izime yenyewe kwa utaratibu, bila mtu kugusa waya wa ukutani. Kadija akabonyeza. Bi Zuwena alisogea naye akachungulia, akaomba arudiwe ili na yeye ajue, maana Kadija alimwomba akae naye mpaka eda iishe, naye akakubali. Ikawashwa tena, akabonyeza yeye. Tulisimama wote tukaitazama ikiaga, taa yake ikafifia, na safari hii ilizima kwa kuwa tuliiambia izime.