Mstari Wangu Ulipanda Badala ya Kushuka

Jamani, nichekeni tu. Nafundisha hisabati hapa Mkwajuni, na juzi mkuu wa shule aliwaleta wazazi darasani waone ninavyofundisha. Nikaandika ubaoni y = −2x + 3.

"Tunaanzia tatu kwenye mhimili wa wima," nikatamba. "Kisha hatua moja kulia, mbili juu!"

Nikachora mstari kwa mbwembwe, nikawageukia wazazi kifua mbele.

Sekela, binti ambaye muhula uliopita alikuwa akilia akiona grafu, akasimama.

"Samahani mwalimu, mteremko ni hasi. Tunashuka mbili."

Wenzake wote wakaonyesha vidole chini. Uso uliniwaka kwa aibu, ila sijawahi kukosolewa nikafurahi kiasi kile.