Nilifuta Modepase ya Marehemu Bwana Yangu

Kosa ni yangu, sitasukumia mutu mwingine. Mashine ilifanya tu ile niliituma. Muache niseme, sababu humu ndani ya nyumba nimebaki na kuta tu za kuongea nazo.

Niko mama mujane wa hapa Bunia, ninaishi Rwambuzi. Mutoto yangu wa kwanza alivuka ziwa kwa Kasenyi akaenda Uganda, na kasirani juu yangu. Mimi njo nilikataa musichana alitaka kuoa. Nilimutukana mbele ya watu, yeye na kabila yake. Kijana akaapa hatasema na mimi tena. Papa yake tu njo alikuwa anaandikia, ku imeli.

Kisha bwana yangu akakufa. Tumbo, siku mbili, basi.

Kwetu mutoto wa kwanza njo anatupa udongo ya kwanza ku kaburi. Familia wakaniuliza kama nimeisha kumujulisha. Nikasema ndiyo, lakini hana njia ya kuja. Uongo mutupu! Niliogopa: akijua papa hayuko, ataandikia nani tena? Baba mudogo wake akatupa udongo pahali yake.

Barua ya kijana ilipoingia, nikajibu kwa jina ya papa yake. Mwaka muzima nilifanya vile, Mungu anisamehe. Ordinatere ya marehemu, kompyuta yake, ilibaki nyumbani, na navigateri, ile programe ya kufungulia enternete, ilikuwa imeshika modepase yake, ile neno ya siri ya kufungulia barua. Mimi sikuijuaka hata siku moja. Nilikuwa nafinya tu kale kanyota bwana yangu aliweka kule juu, na barua zinafunguka zenyewe.

Siku moja kijana akaandika: «Papa, mama iko muzima? Usimwambie nimeuliza.»

Nililia mupaka uso ikavimba. Nikajiambia, juma hii nitamuandikia ukweli, na jina yangu mwenyewe.

Katikati ya ile juma, voisine, jirani yangu, akaomba kuja kuangalia matokeo ya egzeta, ule mutihani wa kumaliza sekondari, ya binti yake ku ordinatere yangu. Ni mama muzuri, lakini mudomo yake haina mulango. Na mimi nilijua navigateri inakumbukaka pahali yote umepita: ukiandika herufi moja tu, inakuletea zingine yenyewe. Nikaona tayari jina ya marehemu inatokea mbele yake, na barua ya jana.

Haya ya watu ndiyo ikanipoteza. Nikaingia pahali ya kufuta istorike, ile kumbukumbu ya pahali umepita. Kulikuwa visanduku vidogo, kila moja na maneno yake. Sikusoma. Nikatia alama ku zote, nikachagua tangu mwanzo, nikafinya. Kumbe kimoja kilikuwa cha modepase! Na ingetosha kumufungulia dirisha ya mugeni, ile haionyeshake pahali mwenye mashine amepita, aangalie matokeo yake aende. Sikujua kama iko.

Wakakuja wote wawili. Binti akawa ameshinda. Voisine akaimba, akamumwangia poda ku kichwa, vile kwetu tunafanyiaka mwenye ameshinda, na mimi pia akanimwangia. Walipotoka, nikatafuta kanyota. Kalikuwa pale pale. Nikafinya, mashine ikaniomba modepase. Nikabaki nimekaa na poda yangu ku kichwa.

Majuma mawili nilijaribu siku za kuzaliwa, majina ya watoto, jina ya umbwa. Bure. Na imeli ya kijana ilikuwa mule ndani tu, hakuna pahali pengine niliiandika. Kisha ikasema itatuma kode, namba za kufungulia, ku namba ya telefone ya marehemu. Ile namba tuliacha kuitumia tangu matanga. Nikaipiga. Sauti ya mwanaume mwingine ikajibu. Ee Mama Maria!

Nikamuelezea. Akasema hatoake kode kwa mutu, wezi ni wengi. Iko na haki. Nilipotaka kukata, akauliza:

«Mama, ni kwenu kuko kijana wa Uganda? Kuna mumoja alinipigia mara tatu hii juma, ananiita papa. Nikamwambia huyu papa simujue.»

Nikamusihi anipe ile namba.

«Nilifuta, mama. Alikuwa ananisumbua.»

Weye unayesoma, mbele ya kufinya ile neno ya kufuta yote, soma kila kisanduku. Modepase za nyumba, andikeni ku karatasi. Na kama uko na neno kwa mutoto yako, mwambie na jina yako, leo. Usijifiche nyuma ya mutu mwingine, hata kama alikuwa bwana yako.

Na weye mutoto yangu, jina yako siiandike, lakini muti ya avoka ile mulipanda na papa nyuma ya jikoni imeanza kuzaa. Papa amekufa, iko mwaka sasa. Barua zilikuja nyuma ya kifo yake, ni mimi niliandika. Kuja utupe udongo yako. Kuja na bibi yako, ule musichana nilitukana, nimuombe musamaha.